Uso Nyuma ya Balozi

Sehemu ya Tisa

Mliniacha ukumbini wiki iliyopita, mgongo ukutani, ndoo ya vanishi mkononi, sikio mlangoni. Bado nipo papo hapo. Na ndani ya chumba cha Nazif Efendi, fundi wangu wa uchoraji anaendelea kuapa.

"Nilichora nilichokiona kwa macho yangu haya mawili," alisema Fundi Hubert. "Mkalimani aliyesimama nyuma ya Balozi ni Zenop. Mtazame hapa pichani, Efendi. Si ndiye huyu?"

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, nitasema upesi, maana nina hasira na subira imenitoka. Zenop ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni mkalimani wa Baron Osterling, balozi wa mfalme mmoja wa kaskazini ambako hata jua huona haya kuchomoza. Siku Baron alipopelekwa mbele ya Sultani, mabawabu wawili walimshika mikono kama wanavyomshika kila balozi, wakamwinamisha shingo. Hapo ikasikika sauti kwa Kituruki safi: "Mfalme wangu hamwinamii mtu anayepokea wageni kitandani."

Kiti cha Sultani kina nguzo nne na mito. Aliyesema maneno yale alijua atauma wapi.

Baron anadai yeye alitoa shukrani tu, tusi lilitoka kichwani mwa mkalimani. Zenop anadai siku ile hakuwemo kabisa, alivuka maji kwenda Üsküdar, ng'ambo, kwa rafiki yake. Ikithibitika kwamba alikuwemo, atanyongwa. Ndiyo maana ikaletwa picha ya siku ile, ambayo Baron aliiagiza kwa Fundi Hubert: iseme alikuwemo.

Picha yenyewe niliichora mimi.

Niliweka ndoo chini, nikausukuma mlango kwa bega.

"Muongo!" nikasema. "Muongo mkubwa wewe, na mvi zako hizo!"

Nazif Efendi, mkuu wa makarani, alikuwa ameketi kwenye sofa na kikombe cha kahawa. Baron alikuwa kwenye kiti alicholetewa makusudi, kwa kuwa hajui kukaa kama watu. Fundi Hubert alisimama kando ya picha, na chini kwenye zulia karani mmoja alikuwa anaandika. Wote wakageuka, isipokuwa karani.

"Huyu nani?" akauliza Efendi.

"Mfanyakazi wangu tu, Efendi," Hubert akajibu haraka. "Ananioshea brashi. Samahani sana. Takuhi, toka nje."

"Nakuoshea brashi?" Nilicheka, na kicheko changu kilinitisha hata mimi. "Efendi, huu mwaka wa tisa. Mazulia nachora mimi. Vilemba nachora mimi. Manyoya ya makoti, unywele kwa unywele, mimi. Yeye anachora uso wa balozi, anatia sahihi, anakwenda kulala. Uso huo mnaounyooshea kidole nimeuchora kwa mkono huu. Na mimi sijawahi kuvuka hata lango la kwanza la kasri!"

Baron akauliza kwa lugha yake nilikuwa nabwata nini. Hubert akamtafsiria, akaacha nusu.

"Hukuwepo siku hiyo?" akauliza Efendi polepole.

"Mwanamke wa Kiarmenia kutoka Pera, niingie kwa Sultani kufanya nini, Efendi? Kupiga deki?"

Efendi akaweka kikombe chini. "Basi uso wa ndugu yako uliutoa wapi?"

"Jikoni kwangu. Tunaishi nyumba moja. Nikitaka uso wa mkalimani namwambia, kaa hapo, usitafune. Wakalimani wote ninaowachora wana uso wake, kwa kuwa ndiye anayekubali kukaa."

"Anasema uongo," akasema Hubert.

"Mwambie kuhusu ile karatasi, Fundi! Au nimwambie mimi?"

Hapo Hubert alinigeukia akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo ya kubembeleza, "Takuhi, mwanangu, nyamaza. Wakijua, hakuna balozi atakayekanyaga tena karakana yetu. Tutakula nini?"

Mwanangu! Miaka tisa naitwa "we", leo nimekuwa mwanangu.

"Efendi," nikasema, "ipo karatasi kubwa kama mlango huu, imetobolewa kwa sindano kila mahali. Unaiweka juu ya turubai, unaipigapiga kwa kifuko cha unga wa makaa, unaiondoa. Chumba kizima kimetokea. Sultani, mawaziri, zulia, mkalimani, wote wako mahali pao. Kisha wanaletwa mabalozi mmoja mmoja, kama wateja wa kinyozi, kila mtu anawekewa kichwa chake."

"Iko wapi?"

Nikafungua kinywa. Nikamtazama Hubert. Alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo nikaukumbuka moshi wa asubuhi ile. Nilimkuta karakanani ameinama jikoni, akaniambia anawasha moto apashe gundi. Mjinga mimi, nikampa hata koleo!

"Ameichoma," nikasema. "Ameichoma leo."

"Hakuna karatasi kama hiyo," akasema Hubert. "Haijawahi kuwepo."

Baron alipotafsiriwa hilo alicheka, akapiga goti lake kwa glovu. Nazif Efendi hakucheka, lakini niliona anakichukua tena kikombe chake. Mtu akirudi kwenye kahawa yake, kesi yako imekwisha.

Nikakiendea chombo cha makaa cha kuotea moto kilichokuwa pembeni, nikaokota kaa moja lililozimika, nikaipa picha kisogo. Mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe, uliopakwa chokaa juzijuzi. Sikuomba ruhusa.

"We mwanamke! Ukuta wa serikali huo!" akafoka Efendi.

"Mtaupaka tena."

Nikachora. Sikuwa nafikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nguzo nne za kiti. Waziri mnene aliyeweka mkono tumboni. Zulia lenye kunjo moja pembeni, ambalo tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyelinyoosha. Balozi asiye na kichwa, mabawabu wamemshika. Nyuma yake mkalimani. Kushoto, dirisha.

"Simama hapo," akasema Nazif Efendi. Alikuwa ameinuka. "Hicho ulichochora kushoto ni nini?"

"Dirisha, Efendi."

"Dirisha gani?"

"La chumbani. Karibu na kiti."

Akaisogelea picha, pua karibu iguse rangi. Dirisha lilikuwepo, na mwanga wake ulimwangukia Baron shavuni vizuri sana, maana hiyo ndiyo kazi yake.

"Nimeingia chumba kile mara arobaini," akasema. "Hapo pana mahali pa kuwashia moto. Dirisha hakuna. Fundi, wewe uliyeona kwa macho yako mawili, dirisha hili ulilionaje?"

Hubert alianza kutokwa jasho. "Efendi, ni... ni mambo ya mwanga. Nyuso zinahitaji mwanga. Mafundi wote hufanya hivyo."

"Kwa hiyo ulilitunga."

"Dirisha tu, Efendi! Dirisha tu!"

Baron akaingilia kwa ukali, Hubert akalazimika kumtafsiria: "Baron anasema... dirisha si mtu. Hata dirisha likiwa la uongo, uso unaweza kuwa wa kweli."

Nakiri, hilo lilinikwamisha. Nikasimama na kaa langu mkononi kama mwendawazimu. Lakini Nazif Efendi alikuwa amekunja uso, anafikiri. Akapiga makofi, wakaja wahamali wawili.

"Kule stoo, nyuma ya masanduku," akawaambia, "kuna picha tuliyopewa na yule balozi aliyeondoka miaka minane iliyopita. Ileteni."

Wakaileta, imejaa vumbi, wakaiegemeza kando ya hii mpya. Mmoja wa wahamali akaipangusa kwa mkono wa shati lake.

Waziri yule yule, mkono tumboni. Zulia lile lile na kunjo lake. Dirisha. Na nyuma ya balozi, Zenop wangu, kijana zaidi, hana ndevu, anatazama chini kwa adabu kama nilivyomwambia siku ile huku dengu zinaungua.

Efendi akainamia uso ule, kisha akasema, "Mwaka ule Zenop alikuwa nami Edirne. Nilimwazima anisomee barua. Jino lilimvimba, usiku kucha analia kama mtoto, hakutulaza. Hakuwa mjini siku ya picha hii."

"Si nilisema?" nikafoka. "Si nilisema mimi?"

Lakini Baron hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya zamani, ameganda. Alitazama soksi nyeupe, utepe wa buluu chini ya goti, mguu wa kushoto uliotangulizwa kwa madaha. Akatazama picha yake. Akarudi kwenye ya zamani.

"Miguu ile ni yangu!" akapiga kelele.

"Ni miguu ya kila mtu, Baron," nikamwambia kwa lugha yake mwenyewe. "Wewe ulichorewa kichwa tu."

Wahamali hawakujua nimesema nini, ila waliona sura ya Baron, na mmoja alishindwa kujizuia, akatoka nje akicheka. Baron akamgeukia Hubert na kumporomoshea maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa gazeti hili linasomwa hata na watawa.

"Basi," akasema Nazif Efendi. "Picha hii ni takataka. Lakini tusi lilisemwa, na Sultani analikumbuka. Langoni tulitoa kaftani kumi na nne za heshima kwa walioingia na Baron. Tunahesabu kaftani, hatuandiki majina. Watumishi wa chumbani hawaitwi kutoa ushahidi, na mle ndani kila mtu hutazama zulia. Kwa hiyo nauliza mara moja tu: kama si Zenop, nani alitafsiri?"

Ningeweza kunyamaza. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, picha imeanguka, na Zenop angepona au asingepona kwa mambo mengine. Lakini nilikuwa na miaka tisa imenikaa kooni. Nilimtazama Hubert, na koti lake la velveti, na vidole vyake safi.

"Efendi," nikasema, "Baron aliingia na mtu mwingine mmoja anayejua lugha zote mbili. Alivalishwa kaftani kama wenzake, akaingia ili akaone chumba. Hata sasa hivi ndiye anayemtafsiria."

Macho yote yakamwendea.

"Takuhi!" Hubert alirudi nyuma mpaka akagonga picha. "Takuhi, unajua si mimi!"

"Sijui. Mimi sikuwepo."

"Zenop alikuwemo! Nilimwona! Alisimama hatua mbili kutoka kwangu!"

"Ulimwona kupitia lile dirisha?"

Nazif Efendi akainua mkono. "Binti. Ulilosema ni zito. Unaapa kwamba ndugu yako hakuwemo chumbani?"

Sikilizeni, wasomaji wangu. Jibu la haki nilikuwa nalo mdomoni. Nilipaswa kusema, naapia picha yangu, ya chumbani siyajui. Lakini Zenop alikuwa ameniambia Üsküdar, na Zenop hajawahi kunidanganya tangu aanze kusema. Zaidi ya hayo nilikuwa na hasira, na hasira ina kawaida ya kukujibia kabla hujafikiri.

"Naapa. Kwa msalaba huu nilioachiwa na mama."

"Na ikionekana alikuwemo, hukumu yake iwe yako pia?"

"Iwe yangu pia."

Karani akaandika, akapuliza wino, akanisogezea karatasi. Kidole gumba changu kilikuwa cheusi tayari kwa makaa. Nikakibandika.

Askari wawili wakaitwa, wakamshika Hubert mikono, mmoja huku na mmoja huku. Mlangoni akageuza shingo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo liliniudhi.

"Nilimwona, Takuhi," akasema. "Mungu ni shahidi yangu, safari hii kweli nilimwona."

"Ungeiacha ile karatasi," nikamwambia, "labda ningekuamini."

Baron naye akaambiwa aende nyumbani kwake akasubiri. Alitoka bila kutazama picha yoyote. Nazif Efendi akaagiza Zenop aletwe, asikie mwenyewe.

Walimleta na minyororo ya miguu. Siku kumi na moja za gerezani zilikuwa zimemla mashavu. Nilimkimbilia nikamkumbatia, ananuka kama zizi, nikaanza kulia na kucheka pamoja.

"Umepona," nikamwambia kwa Kiarmenia, mdomo sikioni kwake. "Nimeapa hukuwemo. Wamemkamata Hubert. Umepona, mjinga we, twende nyumbani."

Nilihisi mwili wake ukikakamaa.

"Umeapa?" akanong'ona. "Dada, umeapia nini?"

"Shingo yangu. Nini kingine ninacho?"

Akasema, taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini:

"Nilikuwemo."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa.

"Nilikuwemo, Takuhi. Baron alitukana, nami nikatafsiri. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Miaka kumi na miwili nayapaka asali matusi ya mabalozi. Wakimwita Waziri nguruwe, nasema mheshimiwa. Wakisema hapa pananuka, nasema wanasifu uturi. Siku ile tulilishwa pilau kabla ya kuingia. Baron alimaliza kula, akaangalia huku na huku, akapangusa mikono kwenye kaftani yangu. Mikono yote miwili, dada, mbele ya watu, kama kitambaa cha meza. Kaftani ya heshima, nimeivaa nusu saa. Nikasema moyoni, basi. Leo ukitukana, watakusikia."

"Na Üsküdar?"

"Ningekwambiaje? Nani angeamini kwamba mkalimani alitafsiri sawasawa?"

Nilimpiga kofi.

Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, mpaka askari akashtuka. Nilimpiga kwa kunidanganya mimi niliyemlea. Nilimpiga kwa sababu ya yule mzee niliyemtia gerezani kwa mambo aliyoyaona kweli. Na nilimpiga, nisiwafiche, kwa sababu ningekuwa ndani ya kaftani ile na mafuta yale ya pilau kifuani, ningesema neno lile lile, tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Vipi tena?" Nazif Efendi alikuwa anatutazama. "Mtu amepona, wewe unampiga? Amekwambia nini?"

Zenop alinitazama. Alama ya vidole vyangu ilikuwa inamtokea shavuni, nyeusi kwa makaa. Maisha yake yote yeye ndiye aliyesimama kati ya midomo ya watu. Sasa zamu ilikuwa yangu.

"Anasema ana kiu, Efendi," nikasema. "Nimehangaika hivi kwa ajili yake, hata asante hakuna, anataka maji. Ndiyo maana nimemzaba."

Efendi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akainua mikono apige makofi, maji yaletwe.

Makofi hayakulia. Karani wa kwenye zulia alikuwa ameweka kalamu yake chini, na kwa mara ya kwanza tangu niingie, ameinua kichwa. Alinitazama mimi, hakumtazama bwana wake, na macho yake yalikuwa na huzuni.

"Efendi, unisamehe," akasema. "Mama yangu mzazi ni Mwarmenia wa Kayseri. Mtu huyu hakuomba maji."